Mwanangu Aliweka Kerneli Mpya, Waifai Ikakatika Siku ya Ritani

*Kwako mshauri,*

*Nina saiba ndogo hapa sokoni Gachoka: mashine nne za mitumba za wateja na moja yangu ya kaunta, ambayo ndiyo huchapisha, huskani na kuweka faili za watu. Zote zinatumia Ubuntu 22.04 kwa sababu leseni za Windows zilinishinda. Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea kompyuta, na akija likizo ndiye fundi wangu.*

*Tarehe 29 Juni nilienda matanga Kiritiri. Nyuma yangu, kijana akaweka kerneli 6.12 aliyoipakua mwenyewe, ilhali tulikuwa na 5.15 isiyo na shida yoyote. Kurudi, waifai ya kaunta imekufa. Tunatumia adapta ya USB ya Realtek. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na ritani zao za kodi, kesho yake ndiyo siku ya mwisho. Tulihangaika na simu hadi usiku, wengine wakakata tamaa wakapanda gari kwenda Embu. Nilimgombeza mbele ya watu, na tangu hapo hatuongei vizuri.*

*Sasa anasema kerneli haina kosa, kosa ni la adapta. Tena anataka diski ya faili za wateja iwekwe mfumo mpya wa faili unaoitwa bcachefs, eti hauharibu data stima ikipotea. Baba yake anasema kijana asiguse mashine tena na tusifanye apdeti yoyote maisha yetu. Mimi niko katikati. Nimsikilize nani?*

*Mama wa Saiba, Gachoka*

Dada yangu wa Gachoka,

Pole kwa usiku ule. Anayepitwa na tarehe 30 Juni hudaiwa faini isiyopungua shilingi 2,000 hata kama ritani yake ni sufuri, kwa hivyo naelewa joto lililokuwa mlangoni pako. Kabla sijaingia kwenye ugomvi wa nyumbani, nikuambie jambo ambalo lingewaokoa usiku huohuo, na ambalo pengine kijana hakulikumbuka kwa woga: kerneli yako ya zamani, yaani kile kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, haikuwa imeenda popote.

Ubuntu ikiwekewa kerneli mpya haifuti ile uliyokuwa ukiitumia. Zote mbili hukaa katika folda ya /boot, na kila unapowasha mashine, programu ndogo iitwayo GRUB ndiyo huchagua ipi iamshwe. Kwa kuwa huchagua iliyo mpya zaidi kimyakimya, watu wengi hawajui kwamba kuna uchaguzi. Iwashe mashine, na mara tu nembo ya kampuni iliyoitengeneza inapotokea, bonyeza Esc. Kama ni ya zamani ya BIOS, shikilia Shift. Itakuja orodha. Ingia mstari ulioandikwa "Advanced options for Ubuntu", kisha uchague ile ya 5.15. Ukibonyeza Esc kupita kiasi utatua kwenye skrini nyeusi yenye neno grub> peke yake. Usishtuke. Andika normal, bonyeza Enter, na hapohapo Esc mara moja. Mashine ikishafunguka, andika uname -r kwenye terminali, ikikujibu 5.15, umerudi ulikokuwa na waifai yako iko pale.

Hata bila kurudi nyuma, ungechomeka simu kwenye mashine kwa kebo ya USB na kuwasha kushiriki intaneti kwenye simu. Mashine huiona simu kama waya wa mtandao na haihitaji adapta hata kidogo. Andika mambo haya mawili kwenye karatasi uyabandike nyuma ya kaunta, kwa sababu yatakufaa hata siku mwanao akiwa chuoni.

Na kwa nini waifai ilikufa? Mwanao ana sehemu ya ukweli. Nyingi kati ya adapta ndogo za USB zenye chipu za Realtek hazikuwa na draiva ndani ya kerneli za zamani. Bila shaka aliyekuwekea yako alichukua draiva kutoka nje akaiunganisha kwa utaratibu uitwao DKMS, na draiva ya namna hiyo lazima ijengwe upya kwa kila kerneli inayoingia. Waundaji wa Linux wana sharti kali la kutovunja programu za watumiaji, lakini kwa yaliyo ndani ya kerneli yenyewe hawatoi ahadi. Wanapanga na kupangua wanavyoona inafaa, na draiva iliyo nje isipofuata inaachwa. Tena kwa Ubuntu 22.04 kuna mtego mwingine: heda, yaani faili za kujengea draiva, za kerneli mpya za kupakua kando hudai maktaba ya libc iliyo mpya kuliko iliyomo ndani ya 22.04, hivyo zinakataa kuingia. DKMS inakosa cha kujengea. Mashine inawaka vizuri, skrini inapendeza, ila alama ya waifai haipo.

Kwa hivyo kosa la adapta lipo, lakini la njia aliyoifuata ni kubwa zaidi, maana kulikuwa na njia iliyo salama. Ubuntu yenyewe huwapa watumiaji wa 22.04 kerneli mpya kiasi, 6.8, kupitia pakiti iitwayo linux-generic-hwe-22.04. Hiyo imetiwa sahihi, kinga ya Secure Boot inaikubali, heda zake zinaingia, na inapata marekebisho ya usalama bila nyinyi kuyafuata. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 6.2 lililotoka Februari 2023, kerneli yenyewe ilianza kubeba draiva za baadhi ya adapta za USB za Realtek. Huenda yako imo, ila ile draiva ya nje ikaizuia isiamke kwenye 6.12. Ikiwa imo, mtaondoa ile draiva ya nje na kuachana na DKMS kabisa.

Sasa nije kwa lile linalonitia wasiwasi kweli. Wewe na mzee mmeiogopa kerneli, na kijana anaiona diski kama jambo dogo linalofuata. Ukweli umekaa kinyume. Kubadilisha kerneli ni hatua unayoweza kuirudisha kwa kubonyeza kitufe, kwa sababu ya zamani imebaki palepale. Kubadilisha mfumo wa faili ni kufuta diski na kuanza upya. Hakuna orodha ya GRUB ya kukurudishia faili za jana.

Kuhusu bcachefs yenyewe, kijana asome historia yake kabla hajaigusa diski. Iliingia ndani ya Linux katika toleo la 6.7, Januari 2024, ikiwa na alama ya kuwa bado ni ya majaribio. Ukaja mvutano mrefu kati ya mwandishi wake, Kent Overstreet, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu taratibu za kuwasilisha marekebisho, na mwishoni mwa 2025 ikaondolewa kutoka toleo la 6.18. Anayeitaka sasa huipata kama moduli ya nje, kwa DKMS. Dada, hiyo ndiyo njia ileile iliyokukatia waifai tarehe 29! Safari hii kitakachokosekana baada ya apdeti kitakuwa diski yenye barua, vyeti na skani za vitambulisho vya watu. Na ukitaka kurudi 5.15, kerneli hiyo haiijui bcachefs kabisa. Itaitazama diski yako kama haina kitu. Yaani jaribio hili linaziba njia ya kurudi huku na huku. Kwa diski ya wateja jibu langu ni hapana, bila kusitasita.

Simkatai kijana kila kitu, maana hoja yake ya stima ina uzito. Mifumo inayoandika data mahali papya badala ya kufuta ya zamani juu kwa juu, tena yenye kukagua kila kipande, ina faida halisi stima ikikatika. Mnaishi jirani na mabwawa ya umeme ya Kamburu na Gitaru, na Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225, lakini laini ndefu ya kijijini nguzo yake moja ikianguka, soko zima linakaa gizani. Tatizo analotaka kulitatua lipo. Dawa yake kwa leo ni UPS ndogo ya mashine ya kaunta, mfumo wa faili wa ext4 mlionao, ambao una jarida lake la kujiokoa, na bakapu kwenye diski ya nje inayochomolewa ikishanakiliwa. Mkitumia programu ya bakapu ya Timeshift, mjue kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida huokoa mfumo na kuacha folda za nyumbani, yaani faili za wateja hazimo. Na bakapu ambayo hamjawahi kurudisha faili kutoka ndani yake msiiamini bado. Chukueni faili moja, mlifute, mlirudishe, mlifungue, muone.

Nimgeukie mzee, kwa heshima. "Tusifanye apdeti maisha yetu" ni kauli ya mtu aliyeumia, na saiba ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuishika. Machi 2022, Max Kellermann, programa wa kampuni moja ya Ujerumani, alitangaza tundu lililopewa jina la Dirty Pipe. Alikuwa akifuatilia faili za kumbukumbu za mteja ambazo kila baada ya muda ziliharibika kidogo mwishoni, akachimba hadi akafika ndani ya kerneli. Kosa lilikuwamo tangu toleo la 5.8, na lilimruhusu mtumiaji yeyote wa kawaida aliyeketi kwenye mashine ajifanye msimamizi wake. Nyumbani kwako hilo lingekuwa jambo la mbali. Kwenye saiba, anayeketi kwenye kiti ni mtu usiyemjua, na mashine ya pembeni ina Pini ya KRA na kitambulisho cha jirani yako. Marekebisho yalitoka haraka, lakini aliyeapa kutofanya apdeti hakuyapata. Ubuntu 22.04 inapata marekebisho ya bure hadi 2027, yachukueni.

Ila msikimbilie siku ya kwanza. Desemba 2023 Debian, watu waangalifu kuliko wote ninaowajua katika kazi hii, walikuwa wakitoa toleo la 12.3 ilipogundulika kwamba kerneli yake, 6.1.64, inaweza kuharibu data kwenye ext4. Wakasitisha, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4 iliyorekebishwa. Hiyo haikuwa kerneli ya majaribio. Ilikuwa ya kutulia. Aliyesubiri wiki moja hakuguswa. Kwa hivyo apdeti za kawaida ziingie kwanza kwenye mashine moja ya wateja, zikae siku chache zikifanya kazi, ndipo za kaunta zifuate. Na mwezi wa Juni, au majuma wanafunzi wanapojaa kwa ajili ya nafasi za vyuo (KUCCPS) na mikopo ya masomo (HELB), mashine ya kaunta isipate kitu kipya isipokuwa pametangazwa tundu la hatari.

Mkulima wa ndengu hapo Mbeere akiletewa mbegu mpya haipandi shamba zima msimu wa kwanza. Hutenga kona, aone mvua inasemaje. Mpe kijana kona. Kati ya zile mashine nne, mpe iliyo kuukuu zaidi iwe yake kabisa. Iondoe kwenye hesabu ya mapato, uiandike MAJARIBIO kwa kalamu ya wino, na isiwe na faili hata moja la mteja. Hapo afanye atakalo, hata akitaka kujenga kerneli kutoka mwanzo au kujaribu matoleo ya rc yanayotoka kila wiki kabla toleo kamili halijaiva.

Lazima iwe mashine mnayokubali kuipoteza, na sababu yake ni ya kweli. Septemba 2008, waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kerneli 2.6.27 waliona kadi zao za mtandao za Intel zinakufa. Walirudi kwenye kerneli ya zamani, na kadi bado zimekufa, kwa kuwa kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe ilikuwa imeandikwa takataka. Walitafuta kosa kwenye draiva ya e1000e kwa wiki kadhaa. Hatimaye lilipatikana kwenye ftrace, chombo kipya cha kufuatilia mwenendo wa kerneli, ambacho hakina uhusiano wowote na mtandao. Kilikuwa kikiandika mahali ambapo kumbukumbu ilikuwa imeshapewa mmiliki mwingine. Mwanao aelewe kisa hicho vizuri. Kitu cha majaribio kinaweza kuumiza sehemu ambayo hukuwa unaijaribu, na mara chache hata njia ya kurudi huwa haipo.

Kwa mpangilio wa kazi, ningemwelekeza hivi. Kerneli ngeni aijaribu kwanza kwa flashi. Apakue Ubuntu mpya, aiweke kwenye flashi, awashe nayo mashine ya kaunta jioni baada ya kufunga, achague kujaribu bila kusakinisha. Diski haiguswi maadamu hajaifungua. Aangalie waifai inashika, printa inachapa, skana inasoma. Dakika kumi hizo zingemwonyesha tarehe 28 kile alichokiona tarehe 29. Watu wengi huruka hatua hii wakakimbilia mashine pepe kama VirtualBox, na mashine pepe ni nzuri kwa mengi, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haikuambii chochote kuhusu adapta ya Realtek kwa sababu haiioni kama ilivyo. Inaona vifaa vya kuigiza.

Mahali mashine pepe inapong'aa ni kwenye hilo jambo lake la bcachefs. Atengeneze diski ya bandia, ajaze picha na hati za kubuni, apige picha ya hali ya mashine, aanze kunakili faili kubwa, kisha katikati ya kunakili aizime ghafla kama stima imepotea. Arudie kwa ext4, arudie kwa bcachefs, mara nyingi, na aandike kila matokeo kwenye daftari. Akimaliza huko, afanye hivyo kwenye mashine ya MAJARIBIO kwa kuchomoa waya ukutani kweli, kwa sababu diski halisi ina kumbukumbu yake ya ndani ambayo haifanani na ya kuigiza. Atakuwa na ushahidi wake mwenyewe, na wewe utakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kukubali au kukataa. Vijana wengi wanaorudia maneno ya kasi na usalama hawajawahi kuchomoa waya.

Ikifika zamu ya mashine ya kaunta, kuna mbinu moja ninayoipenda sana. Katika faili la /etc/default/grub aweke GRUB_DEFAULT=saved, ahakikishe orodha inaonekana kwa sekunde kumi kila mashine inapowaka, aendeshe sudo update-grub, na kwa amri ya grub-set-default aiweke ile kerneli mnayoiamini kuwa ya kudumu. Kisha kwa grub-reboot aiagize ile mpya iamke mara moja tu. Ikigoma, mtu yeyote, hata msichana anayekushikia zamu, atazima mashine na kuiwasha, na ya zamani itarudi yenyewe. Ikiagizwa hivyo kila siku na kufanya kazi wiki nzima bila lalamiko, ndipo iwekwe kuwa ya kudumu. Ya zamani isifutwe.

Kuna jambo la sheria pia, na silitaji kukutisha. Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na skani ya kitambulisho cha mtu iliyo kwenye diski yako ni data yake. Imewekwa mikononi mwako. Faili ambalo mteja amemaliza kulitumia, lifute siku hiyohiyo. Utakuwa na vichache vya kuwekea bakapu na vichache vya kupoteza. Na mwanao asitumie hata faili moja halisi la mteja katika majaribio, hata kwa "kuangalia tu".

Sasa nyinyi wawili. Alikosea, na kosa lake ni kugusa mashine ya kazi bila ruhusa, ukiwa matangani, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hilo akuombe radhi, na amwombe hata baba yake. Nawe ulimgombeza mbele ya watu. Mwite pembeni umwambie kwamba hapo ulizidi. Kijana wa mwaka wa pili anayeweka kerneli kwa mikono yake ni mtu ambaye nchi hii inamhitaji. Mfumo wa KenyaEMR unaotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vya afya umejengwa juu ya OpenMRS, ambao ulianza kufanya kazi Eldoret mwaka 2006, na kompyuta zinazoubeba zinahitaji watu wasioogopa kufungua injini na wanaojua wakati wa kuiacha. Ukimfungia mashine zote, atajifunza kwa kujificha.

Mwambie pia habari ya Linus mwenyewe. Mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alikusudia kuamuru modemu ipige simu, kumbe amri ameielekeza kwenye diski kuu. Sehemu iliyokuwa na Minix, mfumo aliokuwa akiutumia kujengea Linux, ikaharibika. Alichagua kutoirudisha Minix, akaendelea na mfumo wake uliokuwa bado mchanga. Mashine ilikuwa yake, na faili zilikuwa zake.

Akishaanza kwenye ile kona, aniandikie yeye mwenyewe. Aambatanishe jibu la uname -r, jibu la lsusb ili tuione namba ya ile adapta, na mistari ya dmesg inayotaja rtw, jina la draiva za Realtek za ndani ya kerneli. Kwa hayo nitajua kama 6.8 ina draiva yenu au la, na nitamjibu moja kwa moja.